Mwamba Umefunguliwa Rasmi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, mwamba ulikuwa mkavu.

Ulikuwa umeanza kutoka majini tangu saa tatu: kwanza vichwa vya mawe, halafu migongo yake, mwishowe uwanja wote, mpana kuliko viwanja vinne vya mpira vikiunganishwa, ukimetameta na kunuka chumvi. Kamba iliyouzunguka ilikuwa imelala chini pamoja na madumu yake ya njano, ambayo siku nyingine huelea. Wanawake arobaini na mmoja walisimama upande wa ufukweni wa kamba hiyo. Kila mmoja alikuwa na nondo nyembamba iliyochongwa ncha, na kapu mgongoni. Hakuna aliyetulia. Huyu alichimba mchanga kwa kidole cha mguu, yule alikaza kitambaa kiunoni, akakifungua, akakikaza tena.

Upande wa pili wa kamba, peke yake juu ya mwamba, alisimama mwanamke wa miaka arobaini na saba mwenye filimbi nyekundu shingoni. Miezi sita nyuma walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Sasa walimwita Mama Filimbi, na alikuwa amezoea kuitika.

"Mama Filimbi!" aliita Bibi Miwani, mkongwe wa kundi, ambaye miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, na uzi mahali pa mkono wa pili. "Macho yangu mabovu, lakini hata mimi naona pweza ananipungia mkono pale shimoni. Ananisalimia. Nisimwitikie?"

"Mwitikie kutoka hapo hapo, bibi."

"Wiki ijayo atanipungia tena?"

Kicheko kilipita kati yao na kukatika. Mama Filimbi alikuwa ameishika filimbi kwa meno, na plastiki yake ilikuwa imeanza kuota mikwaruzo.

Jumatano hiyo ndiyo waliyoingoja. Miezi sita kabla, mwamba ulikuwa umekwisha. Wanawake walioingia kwa miguu maji yakipwa walirudi na pweza wa ukubwa wa ngumi, wawili au watatu, na siku nyingine walirudi na makapu yaliyolowa tu. Ndipo mradi wa kuhifadhi bahari ulipokuja, ukatundika shuka kwenye ukuta wa shule na kuwaonyesha picha. Pweza hukua upesi. Mdogo wa leo, mwezi ujao ana uzito mara mbili. Jike akishataga hujifungia shimoni na mayai yake, hali tena, na mayai yakianguliwa yeye hufa. Ukimwacha miezi kadhaa unampata mkubwa. Ukimwacha kupita wakati wake humpati. Wengine waliondoka katikati ya picha wakicheka. Yeye alibaki na kuuliza maswali tisa.

Baada ya hapo alizunguka nyumba kwa nyumba kwa wiki tatu. Aliwaambia wanawake waache mwamba miezi sita, na wao wakamwuliza watakula nini miezi sita, naye akasema watauza kuni, watafua nguo za watu, watalima vibarua, na siku ya kufungua watabeba pweza begani kama mama zao walivyobeba. Alisema: mkikosa, njooni mlangoni kwangu. Walitia dole gumba kwenye karatasi ya sheria ndogo mbele ya afisa wa uvuvi. Yeye akapewa filimbi, na ruhusa ya kusimama ndani ya kamba kulinda.

Kila mwisho wa mwezi aliruhusiwa kuzunguka mashimo na kuhesabu bila kugusa. Mwezi wa kwanza, kwa saa nzima, aliona wawili. Mwezi wa tatu, tisa. Mwezi wa sita aliona thelathini na wanne, na hakuinua jiwe hata moja. Kwenye mashimo matatu aliwaona majike waliokwisha kujizibia mlango kwa kokoto. Aliliandika hilo pia, kwa sababu lilimaanisha kwamba wakati ulikuwa umefika.

Siku waliichagua wanawake wenyewe. Walichagua bamvua la mwezi mchanga, siku ambazo maji huenda mbali kabisa na mwamba hukaa nje saa mbili na zaidi. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku tatu za kuvuna, kisha kufunga tena miezi sita.

Jumatatu, siku mbili kabla, aliitwa ofisini kwa Bwana Samaki.

Ndivyo walivyomwita afisa wa uvuvi, kijana wa miaka ishirini na tisa, msafi, mwenye shahada na adabu. Alisimama mgeni wake alipoingia.

"Shikamoo, mama yangu. Karibu, kaa. Nina habari njema. Mheshimiwa amekubali kuja kutufungulia mwamba."

"Marahaba. Anakuja Jumatano?"

"Jumatano." Alitabasamu. "Ijayo."

Ukutani, nyuma ya kichwa chake, ilitundikwa ratiba ya kupwa na kujaa kwa maji ya mwaka mzima. Mama Filimbi aliitazama.

"Jumatano ijayo ni maji mafu, mwanangu."

"Ni wiki moja tu, mama. Mmevumilia ishirini na sita, ya ishirini na saba ndiyo itawashinda?"

"Si habari ya kuvumilia. Maji hayatatoka. Asubuhi yatakuwa yamejaa, na jioni yakipwa yatafika hapa." Aliweka kiganja juu ya kifua. "Ratiba iko nyuma yako. Isome."

Afisa aligeuka nusu, kwa heshima, kisha akarudi. "Hiyo ni ya meli, mama."

"Kwani meli zina bahari yao?"

Bwana Samaki alicheka, akamsogezea chupa ya maji. Feni ilikuwa ikizunguka polepole mno kuweza kupuliza karatasi.

"Basi tufungue keshokutwa kama ilivyoandikwa," alisema mwanamke. "Mheshimiwa aje wiki ijayo akute tumevuna. Tutamwekea pweza mkubwa kuliko wote."

"Aje kufungua mlango ulio wazi? Nitamwambia nini? Na mimi nina wakubwa zangu. Wafadhili wanataka kuona siku ya kufungua. Wanataka picha. Mradi usioonekana haupo, mama."

"Sisi hatuogelei. Tunatembea."

"Watu wa bahari nyinyi!"

"Wenye mashua ni wanaume. Wanawake wa mwambani tunatembea. Bibi Miwani ana miaka sabini na mbili. Atatembea vipi kwenye maji ya kifuani?"

Afisa alivuta karatasi ya sheria ndogo, akaigeuza ili mgeni aione, ingawa mwanamke alikuwa ameikariri. "Kifungu cha tisa. Mtu yeyote wa kikundi akiingia kabla ya mwamba kufunguliwa rasmi, kibali cha kikundi kinafutwa na eneo linarudi serikalini. Likirudi, mimi sitakuwa na la kufanya. Unajua wapo watu wanaouliza habari za mwamba ule kila wiki."

Alijua. Aliyekuwa akiuliza ni Tajiri wa Barafu, mwenye boti ya injini mbili na wapiga mbizi wanane, ambao walikwisha kuimaliza miamba miwili ya kule mbele.

"Na siku tatu?" aliuliza. "Zinahesabiwa kuanzia lini?"

"Kuanzia Jumatano ijayo. Tatu, kama mlivyotaka wenyewe."

Hayo ndiyo aliyowaeleza wanawake Jumatatu jioni, nao wakasikiliza, na Jumatano asubuhi wakaja vilevile, na nondo zao.

Sasa saa ilikuwa tano kasorobo, na walikuwa wameikaribia kamba hadi vidole vya miguu vinaigusa.

Kando yao, bila nondo na bila kapu, alisimama mwanamke wa arobaini na mbili, dada mdogo wa marehemu mume wa Mama Filimbi. Walikuwa mawifi kwa miaka ishirini na minne, na ukuta mmoja uligawa vyumba vyao. Mwezi wa tatu wa kufunga, Mama Filimbi alimkuta ndani ya kamba asubuhi mapema, na pweza wawili kwenye ndoo. Alipuliza filimbi. Mbele ya kamati ya kikundi wifi yake alisema neno moja tu, "Watoto wangu hawali semina." Kamati haikuifikisha habari ofisini, ikamnyang'anya nondo na kumzuia kuingia mwambani mpaka siku za kufungua zipite. Tangu hapo alizungumza na Mama Filimbi mbele za watu pekee.

"Wifi," alisema sasa kwa sauti ya kusikika na wote. "Piga basi. Au pumzi zote ziliishia kwangu?"

"Wifi, nyamaza."

"Ninyamaze kwani mimi nimeingia? Mimi mwizi, nimesimama nje. Nawahurumia hawa waaminifu."

Mwanamke mmoja aliinua mguu akauvusha juu ya kamba. Hakuuweka chini. Wote waliutazama mguu ule.

"Ukiukanyaga," alisema Mama Filimbi, na sauti yake haikuwa kubwa, "kesho boti ya barafu iko hapa. Kesho, na keshokutwa, na mwaka mzima. Hatutakuwa na kamba ya kugombania."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo tutaingia majini. Tutapata kidogo. Kisha tutafunga, na safari ijayo tarehe tutaiandika kwa mwezi, si kwa kalenda ya mtu."

Mguu ulirudi. Walisimama hivyo dakika thelathini na tano nyingine, wakitazama mwamba uliokuwa mbele yao kama meza iliyoandaliwa. Mara mbili pweza alitoka shimoni na kutambaa mchana kweupe kwenye dimbwi, rangi yake ikibadilika kutoka ya jiwe kuwa ya kutu. Saa tano na dakika ishirini maji yalianza kurudi kupitia mifereji ya mawe, na madumu yakainuka moja baada ya jingine.

Wiki ile hakukaa mahali pamoja. Alikwenda ufukweni asubuhi, adhuhuri na jioni, akichomeka kijiti mahali maji yalipokomea, na kila siku kijiti kilisogea karibu na nyumba kwa hatua sita au saba. Alipiga simu kwa Bwana Samaki mara nne. Mara ya kwanza alipokea na kusema yuko kikaoni. Ijumaa alikwenda ofisini, akakuta mlango umefungwa na mlinzi akila mhindi.

"Wamekwenda kutafuta mahema," alisema mlinzi. "Sherehe yenu hiyo, mama. Hongera."

Jumatano ya sherehe mahema mawili yalisimamishwa tangu saa moja asubuhi, na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Wanawake waligawiwa fulana za njano, saizi moja kwa wote. Kifuani zilichorwa pweza anayecheka. Bibi Miwani aliivuta yake mbele, akainama, akahesabu kwa kidole.

"Ana mikono sita huyu."

"Wacha, bibi."

"Nakwambia sita. Miwili imebaki ofisini."

Mheshimiwa alitarajiwa saa nne. Alifika saa sita kasoro dakika kumi, na maji yalikuwa yamefika kwenye nguzo za utepe. Mwamba haukuonekana, palionekana madumu tu, yakichezacheza mbali juu ya maji ya kijani. Nje kidogo ya madumu ilitia nanga boti ya injini mbili. Wanaume wanane walikaa ukingoni mwake, wamevaa mapezi ya mpira, wakining'iniza miguu.

Mama Filimbi alimwendea Bwana Samaki nyuma ya hema. "Wale wamefuata nini?"

"Maonyesho tu, mama. Mheshimiwa lazima aone pweza. Nyinyi wenyewe mlisema hamuogelei."

"Mwamba ni wa kikundi."

"Wana kibali cha siku tatu. Kimesainiwa juu, si kwangu." Alikuwa akitokwa na jasho, na kwa mara ya kwanza hakumwita mama. "Tafadhali. Leo tu. Usiniharibie leo."

Hotuba zilikuwa nne. Mheshimiwa, mwanamume mnene mwenye kicheko cha karibu, alisema kwamba wanawake wameokoa bahari, na watu wakapiga makofi. Alisema angependa kumwona mama shujaa mwenye filimbi. Mama Filimbi alisukumwa mbele, akapewa kipaza sauti.

"Mheshimiwa," alisema, "tunashukuru. Lakini maji yamejaa."

Kipaza sauti kilivuma. Mheshimiwa aliinama ili asikie vizuri. "Anasemaje?"

"Maji yamejaa. Wanawake hawawezi kufika. Ulitakiwa uje wiki iliyopita."

Bwana Samaki alitazama viatu vyake. Kisha Mheshimiwa alicheka, akamwekea mkono begani, akaugeukia umati.

"Mama shujaa anaogopa kulowa!"

Umati ulicheka, na hata baadhi ya wenye fulana za njano walicheka, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa ametazama upande wao akicheka. Alikata utepe. Akamwambia Mama Filimbi apulize.

Aliipuliza. Wapiga mbizi wanane waliingia majini kwa mgongo, wote mara moja, kama waliofanya mazoezi.

Wanawake nao waliingia. Walikwenda mpaka maji yalipofika kiunoni, kisha kifuani, na fulana zikavimba na kuelea zikiwazunguka. Walichomeka nondo chini bila kuona zinakogusa. Kamba ilikuwa bado hatua mia moja mbele. Bibi Miwani aliteleza, akazama, akatolewa na wawili wakimshika makwapa. Miwani haikuonekana tena. Mpiga picha aliwaomba wasimame karibukaribu na watabasamu.

Saa nane mchana boti ilisogea ufukweni. Pweza walimwagwa juu ya turubai jeusi, na kelele zikapanda, maana watu wazima waliokuwepo walikuwa hawajaona pweza wa namna ile tangu utoto wao. Wanawake kumi walipangwa mstari. Mpiga mbizi mmoja akapita akimpa kila mmoja wake. Aliyewekwa mikononi mwa Mama Filimbi alikuwa mzito kama mtoto wa miezi mitatu, bado na uhai, na mkono wake mmoja ulimzunguka kiwiko na kumfyonza ngozi. Alijua shimo alilotoka. Lilikuwa chini ya jiwe lenye umbo la kiti, upande wa kusini, na mwezi uliopita alikuwa amemhesabu.

"Inua juu kidogo, mama," alisema mpiga picha. "Hivyo. Shujaa huyo."

Picha zilipokwisha, yule mpiga mbizi alirudi na kreti la plastiki lenye barafu.

"Naomba, mama."

Hakumwelewa upesi. Mwanamume yule aliubandua mkono wa pweza kwenye kiwiko chake, kifyonzi kimoja kimoja, kwa uangalifu ili asimwumize, akamtia kwenye kreti, akahamia kwa aliyefuata. Kwenye ngozi yake palibaki duara ndogo nyekundu, kumi na nne.

Wifi yake alikuwa amekaa juu ya ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, nje ya mahema, katika nguo zake za kawaida. Hakuwa na fulana. Orodha haikuwa na jina lake. Mama Filimbi alipopita hakumtania. Alisogea kidogo kumwachia nafasi ya kukaa. Mama Filimbi hakukaa.

Alhamisi na Ijumaa boti ilifika saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Wanawake waliingia kila maji yalipopungua, na yalipopungua kabisa yalikuwa yakiwafika kifuani. Kwa siku tatu, wote arobaini na mmoja walipata pweza sita. Alhamisi jioni wanne wao walikwenda mlangoni kwa Mama Filimbi kama alivyowaambia miezi sita nyuma. Walisimama. Aliwakaribisha ndani, wakakataa. Mmoja alisema, "Tumekuja tu ujue kuwa tumekuja," nao wakaondoka.

Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni simu yake iliita.

"Mama yangu, shikamoo. Usisahau kufunga. Saa kumi na mbili kamili, wafadhili wanataka muda uandikwe."

"Mwambani hamna kitu, mwanangu."

"Ndiyo maana tunafunga, mama. Upumzike."

"Na safari ijayo? Tarehe?"

"Tutakaa tuzungumze. Piga filimbi kwanza."

Alikwenda ufukweni peke yake. Alitazama mahali boti ilipokuwa imetia nanga, haikuwepo tena. Aliwaza kifungu cha tisa, neno kwa neno. Mayai ya wale majike watatu, ikiwa nondo za wapiga mbizi hazikuyafikia, yangekuwa yanaanguliwa wiki hiyo. Saa kumi na mbili kamili alipuliza mara tatu, mpulizo mrefu, kama sheria ndogo ilivyoagiza. Mtu mmoja aliyekuwa akifunga mtumbwi aliinua kichwa, kisha akaendelea na fundo lake.

Jumamosi kamati ilimrudishia wifi yake nondo, kwa kuwa siku za kufungua zilikuwa zimepita na adhabu imekwisha. Alisaini, akaifuta kutu kwa mchanga mbele yao, akaondoka bila kuaga. Mwenyekiti alimkumbusha kutoka mlangoni kwamba kosa la pili ni polisi.

Jumatano iliyofuata bamvua lilirudi. Saa nne na dakika ishirini asubuhi mwamba ulikuwa mkavu.

Mama Filimbi alikuwa mahali pake, ndani ya kamba. Ufukwe ulikuwa mtupu. Wengine walikuwa vibaruani au wakifua. Mmoja alikuwa amesafiri kwa dadake na hakusema atarudi lini. Kisha alimwona wifi yake akishuka kutoka kwenye nyumba, kapu mgongoni, nondo mkononi, akitembea bila haraka katikati ya mchanga ambako kila mtu angeweza kumwona. Alifika kwenye kamba.

"Wifi," alisema Mama Filimbi. "Usivuke."

"Umeshakunywa chai?"

"Wifi, watatufutia."

"Nakuuliza umekunywa chai?"

"Bado."

"Na mimi bado." Akavuka.

Mama Filimbi aliweka filimbi mdomoni. Wifi yake alikwenda kwenye jiwe la kwanza, akachutama, akachomeka nondo shimoni, akaisukuma mpaka mwisho, akaizungusha kama mtu anayekoroga. Akaichomoa. Aliiinua juu ili ionekane kutoka kule. Haikuwa na kitu.

Filimbi ililia, fupi.

Wifi yake hakugeuka. Alikwenda shimo la pili, akachutama, akachomeka, akaichomoa, akaiinua. Filimbi ikalia. La tatu. Filimbi. Kwenye barabara ya juu ya ufukwe watu wawili walisimama na baiskeli zao kutazama. Mmoja alitoa simu, akaiweka sikioni.

Kwenye jiwe lenye umbo la kiti wifi alikaa muda mrefu zaidi. Alilala kifudifudi, akaingiza mkono wote mpaka begani, shavu lake likiwa juu ya jiwe lililolowa, uso umemwelekea Mama Filimbi. Walitazamana. Alitoa mkono. Kiganjani mlikuwa na kokoto, zile ambazo jike huziba nazo mlango. Alizimwaga moja moja juu ya jiwe.

Filimbi ililia.

Alichunguza mashimo kumi na tisa. Filimbi ilipulizwa mara kumi na tisa. Wale wawili wa barabarani waliihesabu. Saa tano na dakika ishirini maji yalianza kurudi, na dumu la kwanza likainuka.